Usiku Una Wenyewe

Anayetaka kujua mji unavaa nini usiku asianzie klabu, aanzie harusini. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaoandika juu ya starehe za miji yetu huhesabu baa, disko na kumbi za muziki, kisha wakaweka kalamu chini, kana kwamba mwanamke wa miaka arobaini na mitano wa Kibokoni, Mombasa, au wa Temeke, Dar es Salaam, hulala saa mbili. Halali. Jumamosi usiku yuko ukumbini, kavaa nguo ambayo kitambaa chake kilichaguliwa kwa mabishano, kikakatwa kwa mashauri, na fundi akapigiwa simu mpaka akachoka kupokea. Hakuna nguo inayoingia klabu iliyofikiriwa kiasi hicho.

Tuanze na Mombasa, usiku wa kupamba, bibi harusi anapotolewa atazamwe na wanawake wenzake. Magari yanashusha watu mlangoni, na anayepita barabarani haoni ila weusi mtupu: mabuibui, mitandio, na nyuso nyingine zimefunikwa yakabaki macho. Mlangoni kuna mtu wa kuangalia simu, maana picha hairuhusiwi kutoka humo. Ukishavuka pazia, mabuibui yanavuliwa na mji unafunguka. Magauni ya sekwini yanaburura, migongo iko wazi, dhahabu shingoni na mikononi, hina na piko kutoka ncha za vidole hadi viwikoni, vikuba vya asmini na rehani vimebanwa kifuani, udi umefukizwa hadi kwenye nywele. Taarabu ikikolea watu wanainuka kutunza. Chakacha ikiingia, viuno vinaachiwa. Bibi wa miaka sabini naye yumo, na leso zake pea, kakaa kiti cha mbele. Hatazami mapambo tu. Ana mjukuu anayetafutiwa mchumba, na hapo ndipo pa kuona binti wa nani amekuzwa vipi.

Mavazi ya usiku hufuata jicho linalotazama. Nje ya ukumbi ule kuna jicho la mtaa na la wanaume, na kwa jicho hilo buibui linatosha. Ndani kuna jicho la wanawake, na hilo ndilo kali: linajua bei ya kitambaa kwa yadi, linakumbuka gauni lililokwisha kuvaliwa harusi ya mwezi uliopita, linatofautisha mkufu wa mtu na mkufu wa kuazima. Mgeni anayewasifu mabinti wa Mombasa kwa kujistiri, akadhani hawana habari na mitindo, hajui kwamba amepita karibu kabisa na wavaaji hodari wa pwani hii. Hakualikwa kuwaona, basi.

Hata vazi la nje lina rika lake. Akina bibi walivaa buibui la kamba, kitambaa cheusi kilichofungwa kichwani kikaachiwa kufunika mwili mzima. Binti zao wakavaa la kushonwa, lenye mikono, kama koti. Wajukuu wanavaa abaya inayotoka Dubai, iliyoletwa na mfanyabiashara au na shangazi anayefanya kazi huko, na nyeusi imeanza kupisha kijivu, kahawia na rangi ya maziwa. Wanawake watatu wa nyumba moja wakipita kichochoroni, utajua kwa mbali nani mama na nani mwana kabla hujaona uso.

Unguja ina mambo mengi yanayofanana na hayo, ila huko wanaume nao wana usiku wao wa kuvaa. Klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa iliundwa mwaka 1905, na tangu enzi hizo taarabu ya Unguja ni muziki wa kukaa: wapigaji wamevaa suti, watazamaji wamejipamba, mtu hainuki ila anapokwenda kutunza. Mzee wa mtaa wa Malindi anayetoka jioni na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, kofia inayodariziwa kwa mkono kwa wiki nyingi, amevaa vazi la gharama hata kama halimetameti. Watoto nao wana usiku wao, siku nne za Idi, kila mmoja na nguo mpya na hela ya sikukuu mkononi. Lakini ukitoka mjini hadi Kendwa, kaskazini ya kisiwa, usiku wa mwezi mpevu, utakuta vijana wanacheza ufukweni na watalii, miguu chini, kaptula na fulana. Ni kisiwa kimoja, na kati ya usiku huu na ule hakuna hata safari ya saa mbili. Aliye pale leo huenda kesho amevaa kanzu mbele ya baba yake mkubwa, na sioni unafiki ndani yake. Kila jicho analipa haki yake.

Hii tabia ya kundi zima kuvaa nguo ya aina moja, yaani sare, ina historia inayostahili kujulikana zaidi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamezoea kaniki, kitambaa cha giza cha bei ndogo kilichokuwa alama ya utumwa, waliingia kwenye kanga zenye rangi. Baadaye wakachukua na buibui, vazi lililokuwa la wake wa wakubwa. Vikundi vya ngoma ya lelemama vikaundwa, na ushindani wa vikundi ulikuwa wa ngoma na nguo kwa pamoja: wote wavae kanga moja, mpya, ambayo wapinzani hawajaiona. Upande wa wanaume kulikuwa na beni, ngoma iliyoanza Mombasa na Lamu miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, magwanda na vyeo, kisha ikaenea hadi bara na makundi yake mawili mahasimu, Marini na Arinoti. Mtu aliyekuwa hana cheo mbele ya serikali ya kikoloni alikuwa na cheo na vazi lake usiku wa ngoma. Mimi naona hapo kuna ujasiri mkubwa. Watu waliochaguliwa nguo na mabwana zao walijichagulia nguo wenyewe, tena wakaivaa kwa pamoja ili waonekane.

Sare hizo zimefika Dar es Salaam ya leo zikapata kamati. Msichana akichumbiwa Dar, kabla ya harusi kuna kicheni pati na sendofu, na kila sherehe ina mwenyekiti, mweka hazina, kadi za mchango na rangi yake. Kicheni pati ni ya wanawake. Kungwi anafunda, zawadi za vyombo zinatolewa, na mengi yanayosemwa hayarudiwi nje. Sendofu ina wanaume ndani, ina mshereheshaji, ina meza za upande huu na upande ule. Kamati inakwenda Kariakoo kununua kitenge cha doti nyingi, kila mmoja anapewa kipande chake apeleke kwa fundi anayemtaka. Hapo ndipo umri unapojionyesha: kitambaa ni kimoja, mshono ni wa kila rika. Mama mkubwa anashona gauni refu lenye kilemba. Mama mdogo anabana kiuno na kuachia mkia. Msichana wa miaka ishirini na mitatu anakata fupi, bega moja wazi, na kipande kilichobaki anakifanya mkoba. Saa kumi na moja jioni utawaona vituoni, wanapanda bajaji na sekwini zao jua likiwaka. Mombasa nguo hiyo ingefunikwa hadi mlangoni. Dar es Salaam sherehe inaanzia barabarani.

Wanawake hao hao ndio walioibeba taarabu ya Dar miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikirushiana mipasho na Khadija Kopa akiwa amevuka bahari kutoka Unguja kuja kuimba upande wa TOT. Wanaokumbuka muziki peke yake wanasahau kutunza. Mwimbaji akigusa palepale, mwanamke anainuka kwenye kiti chake mwisho wa ukumbi, noti mkononi, anatembea polepole hadi jukwaani, anazunguka, anacheza kidogo, anatoa, anarudi polepole vilevile. Safari nzima ile ni ya gauni na ya ujumbe: aliyelengwa anajijua, na ukumbi mzima unajua. Kwa mama aliyeshinda wiki nzima sokoni au jikoni, dakika mbili zile zilikuwa zake, na alijua kuzitumia.

Wanaume wa rika lake wana usiku mwingine, wa dansi. Msondo Ngoma ilizaliwa NUTA Jazz mwaka 1964. Mlimani Park, wana Sikinde, mwaka 1978. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na wapenzi wake walishika upande kama Simba na Yanga. Mtu wa Msondo hakuhamia Sikinde kirahisi. Nenda leo kwenye onyesho la bendi hizo utamkuta mzee aliyevuka miaka sabini, shati limechomekewa, suruali ya kitambaa yenye mkunjo unaokata, viatu vimepigwa kiwi. Anacheza na mkewe hatua ndogondogo, eneo lisilozidi meza. Usidhani mzee huyo alizaliwa mstaarabu hivyo. Mwaka 1973 alikuwa na pekosi zilizofagia barabara, raizoni zilizomwongezea urefu, na nywele za Afro zilizomkosesha usingizi baba yake.

Tena alivaa hivyo serikali ikimtazama. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969: marufuku minisketi, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana. Hata kabla ya siku hiyo, magenge ya wanaume yalikwisha kuwavamia wanawake Kariakoo kwa sababu ya nguo zao. Mwaka huo wa 1969 muziki wa soul nao ukapigwa marufuku mjini. Hoja ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa, na mapambano dhidi ya ubeberu yalikuwa ya kweli. Lakini adhabu ilimwangukia zaidi msichana wa ofisini aliyenunua sketi kwa mshahara wake wa kwanza, na hilo halikuwa haki. Marufuku ilipungua makali. Kilichobana zaidi ni uhaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kitambaa kilipatikana kwa foleni, vitenge vya kiwanda cha Urafiki vilikuwa hazina, na mtu alikwenda dansini na shati lilelile mwaka mzima. Mitumba iliporuhusiwa tena katikati ya muongo huo, ndipo kijana wa kawaida alipopata kuchagua.

Rika la katikati, lile lililokuwa na miaka thelathini kwenye miaka ya 2000, lilipenda kuonekana kwa namna nyingine. Bendi ya Twanga Pepeta ilijaza ukumbi wa Mango Garden pale Kinondoni, FM Academia wakaleta mtindo wa ngwasuma na viatu vya Kikongo, na mapedeshee wakalipa ili majina yao yatajwe katikati ya wimbo. Huo ulikuwa usiku wa saa kubwa ya mkononi na chupa zisizoondolewa mezani hata zikiisha, ili zihesabiwe. Sina mengi ya kuusifia.

Wadogo zao na watoto wao wamechukua njia nyingine kabisa. Televisheni ilipoingia Tanzania Bara mwaka 1994, vijana wa hip hop waliona kwa macho yao suruali pana za Marekani, na mlegezo ukaingia mjini pamoja na Bongo Fleva. Hiyo ilikuwa mitindo ya kuiga kwa sehemu kubwa. Singeli ni kitu kingine. Ilitoka Manzese, Tandale na Mbagala, ikapitia mchiriku na vinanda vidogo vya Casio, ikaongeza mwendo hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mahali pake pa kwanza palikuwa kigodoro, ngoma ya mtaani ya kukesha kabla ya harusi, maspika yamepangwa uwanjani na watu wamejaa hadi kwenye vibaraza. Huwezi kucheza singeli na viatu vya ngozi. Kijana anavaa jezi, ya Simba, ya Yanga au ya timu ya Ulaya, kaptula, ndala au raba nyepesi, na akiloa jasho anavua jezi anaizungusha hewani. Wasichana wanafunga kanga juu ya taiti, kwa sababu kanga ndiyo inayoonyesha kiuno kinavyokwenda. Vigodoro vimepigwa marufuku mara nyingi kwa sababu ya kelele na fujo, na majirani wenye wagonjwa na watoto wa shule wana haki ya kulalamika. Ila vijana hawa hawana hela ya kiingilio cha ukumbi wala nauli ya kurudi saa tisa usiku. Usiku wao uko pale walipo, na nguo zao ni za mtu atakayetembea kwenda kulala.

Panda sasa hadi Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jambo la kwanza kubadilika ni koti. Dar es Salaam mwezi Januari hakuna anayeongeza nguo ya pili kwa hiari. Nairobi mwezi Julai, msichana anayetaka kuacha bega wazi lazima kwanza awaze njia ya kurudi. Kwa hiyo ngozi, denimu na mabuti vina heshima Nairobi ambayo Pwani haviwezi kuipata, na soko la heshima hiyo ni Gikomba. Belo hufunguliwa alfajiri, na wanaowahi huchagua kamera, yaani zile nguo za kwanza kabisa, safi, zisizo na pacha mjini. Kijana aliyepata koti la kamera kwa bei ya kubishania anajua hatakutana na mwenzake aliyevaa kama yeye. Pwani watu wanavaa sare wajulikane ni wa nani. Nairobi kijana anatafuta kisicho na wa pili.

Usiku wa Nairobi uligawanywa pia kwa lugha, jambo ambalo Dar es Salaam halikushika mizizi. Carnivore, iliyofunguliwa mwaka 1980 kule Lang'ata, ilikuja kuwa na usiku wa Ramogi kwa Waluo, wa Mulembe kwa Waluhya, na wa mugithi kwa Wakikuyu, watu wakishikana viuno kama mabehewa. Mugithi umeleta kofia pana za wachunga ng'ombe wa Marekani na mabuti yake, na wazee wa Nyandarua wamezivaa kwa dhati hadi zimekuwa zao. Dar bendi ziliimba Kiswahili na kuchukua wapigaji kutoka kila mkoa, hata kutoka Kongo, kwa hiyo mpaka ukapita kati ya rika na rika, mtaa na mtaa.

Sheria nayo imekata nguo za Nairobi. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo kila mtu anaiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na zifungwe saa tano usiku. Mtumishi akitoka ofisini akaenda moja kwa moja, basi nguo ya ofisi ikawa nguo ya baa: tai imelegezwa, koti liko begani pa kiti. Kisha ikaja amri ya korona ya kutotoka nje usiku, kuanzia Machi 2020 hadi Siku ya Mashujaa mwaka 2021. Tanzania haikuwa na amri kama hiyo. Nairobi kizazi kizima kilitimiza miaka kumi na minane bila kujua klabu, na kilipoachiwa kilikuwa kimezoea mchana. Sherehe za mchana zilikuwapo tangu Blankets and Wine ianze mwaka 2008, watu na mashuka yao majanini. Baada ya amri zikawa ndiyo starehe yenyewe kwa wenye miaka ishirini. Nguo za mchana ni za jua na za picha: rangi kali, miwani, kofia za kufumwa.

Kwa wasichana kuna sababu nyingine ya kupenda mchana. Novemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye stendi ya matatu katikati ya jiji, eti kwa kuvaa vibaya, na siku chache baadaye wanawake waliandamana barabarani, wengi kwa minisketi, wakidai nguo ni uamuzi wa mvaaji. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu Kariakoo. Leo bado msichana wa Umoja au Rongai hupanga vazi lake kwa kufikiria kwanza atapanda matatu gani, saa ngapi, na nani atakuwa stendi. Ndiyo maana mkobani mwake kuna leso au sweta refu. Mabinti wa Mombasa wana pazia la ukumbi na mlinzi wa mlangoni; yeye mlinzi wake ni sweta hilo, na halitoshi.

Husemwa kwamba Nairobi haina vazi lake. Mwaka 2004 Kenya ilizindua vazi la taifa lililobuniwa kwa mashindano na udhamini, na watu hawakulivaa. Sikushangaa, kwa maana halikupita mikononi mwa wanaovaa. Wakati huohuo vijana walikuwa wanafanya kazi hiyo wenyewe Gikomba: wananunua koti la denimu la Ulaya, wanalipeleka kwa fundi mwenye cherehani kando ya njia, mikono inakatwa, mgongoni kinashonewa kipande cha kitenge au leso, mfukoni unadariziwa jina la mtaa. Kundi la Ethic lilipotoka Umoja mwaka 2018 na muziki wa gengetone ukaenea, watazamaji wa nchi nyingine waliziona nguo hizo kwenye video wakauliza zinauzwa duka gani. Haziuzwi dukani. Fundi anaanza kazi saa moja asubuhi, na Ijumaa foleni yake ni ndefu.